Taa janja na kitabu cha mtahiniwa

Mtu akitembea mtaani Umoja kati ya saa moja na saa nne za usiku atayaona madirisha yakibadilika rangi. Hili jekundu, lile samawati, jingine zambarau. Usidhani kuna arusi au baa mpya iliyofunguliwa. Ni sinema. Siku hizi televisheni pana hutundikwa ukutani katika nyumba ya vyumba viwili, spika zikapangwa pembeni, na juu yake ikaning'inia balbu inayotii amri ya simu. Vijana huziita taa janja. Mimi sina ugomvi na ujanja huo. Nina kisa tu, na katika kisa hicho mimi mwenyewe ni mmoja wa washtakiwa.

Nilikulia mtaani Jericho, enzi ambapo gari la sinema lilikuwa likija uwanjani jioni, kitambaa cheupe kikatambazwa, nasi watoto tukaketi mchangani tukitazama picha na matangazo ya sabuni. Uwanjani giza lilikuwa haki ya watazamaji wote. Nyumbani mwanga, hata kama ulikuwa wa koroboi, ulikuwa haki ya mwenye kitabu. Mambo hayo mawili hayakugongana kwa sababu kila moja lilikuwa na mahali pake. Leo uwanja umehamia sebuleni, na sebule yenyewe ndiyo darasa la jioni, ndiyo chumba cha kulia, na usiku ukiingia ndiyo malazi ya watoto. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Jirani yangu ni mtu mwema. Anafanya kazi Eneo la Viwanda, hutoka alfajiri na kurudi magharibi, na burudani yake ni filamu moja kabla ya kulala. Mwaka 2023 alinunua balbu tatu na utepe wa taa ndogo ndogo, akanijia Jumamosi moja na kijitabu cha maagizo mkononi. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe msomaji. Njoo unisomee haya." Nikaenda kwa fahari.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na wanafunzi wa fizikia wangefaidika kuiona. Balbu zake zilikuwa za skrubu, na vishikio vya nyumba vilikuwa vya pini, kwa hivyo fundi wa umeme alizima swichi kuu na kuvibadilisha vyote. Tukaziunganisha balbu na ruta kwa masafa ya gigahezi 2.4, maana balbu nyingi za aina hii hazisikii masafa mengine. Utepe tukaubandika nyuma ya televisheni ili mwanga wake uangukie ukutani. Hilo lina sababu. Mtu akitazama kioo king'avu katikati ya giza totoro, mboni za macho yake hupanuka kwa ajili ya giza na kubanwa tena kila picha inapong'aa, na macho yakachoka. Mwanga hafifu mweupe nyuma ya kioo hupunguza tofauti hiyo, na weusi wa picha ukaonekana mweusi zaidi.

Kisha tukafika kwenye swichi ya ukutani. Balbu janja huishi kwa kupata umeme wakati wote. Mtu akizima swichi, simu haiwezi tena kuiamuru. Tukaibandika swichi gundi ya karatasi ili asiguse mtu. Mwishowe tukaandika amri mbili katika programu ya simu. Moja tukaiita "Sinema", taa zififie na kuwa nyekundu. Ya pili tukaiita "Wageni", taa zing'ae. Hakuna aliyetaja "Kitabu". Binti wa nyumba, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa amekaa pembeni akitutazama. Mimi mwalimu sikumwuliza neno.

Tarehe 25 Agosti mwaka huo stima ilipotea karibu nchi nzima, na baada ya hapo mtaa wetu ukaendelea kupata giza la mara kwa mara. Usiku mmoja stima ilirudi saa tisa, watu wamelala. Balbu nyingi za aina hii zimetengenezwa kuwaka kwa nguvu zote umeme unaporudi, na ndivyo zilivyofanya. Nyumba nzima ikaamka, mtoto mchanga akilia. Kesho yake jirani akanijia tena, nami nikamwonyesha mahali pa kurekebisha: balbu ikipata umeme irudie hali iliyokuwa nayo mwisho. Akashukuru sana. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Novemba ikaja na mitihani yake. Jirani alipata habari ya msiba, akaondoka ghafla usiku kuelekea Kisumu. Alikuwa akitazama filamu alipopigiwa simu, na taa alizoziacha zilikuwa za amri ya "Sinema". Simu iliyokuwa na programu aliondoka nayo. Siku ya tatu malipo ya intaneti ya nyumba yakaisha, na amri zake kutoka mbali zikawa haziwafikii tena. Mkewe alibandua ile karatasi, akazima swichi na kuiwasha. Balbu, kama tulivyoifundisha, ikarudia hali yake ya mwisho: wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Akaenda kioskini kununua balbu ya kawaida. Zilizokuwapo ni za pini, na vishikio vya pini tulikuwa tumeving'oa.

Saa mbili usiku nikasikia hodi mlangoni. Alikuwa yule binti, daftari la hisabati kifuani. "Samahani, Mwalimu," akasema, "naomba kukaa mezani kwenu hadi saa nne. Kwetu sioni namba." Usiku uliotangulia alikuwa amesoma kwa tochi ya simu ya mama yake hadi moto ukaisha. Karatasi ya hisabati ilikuwa asubuhi yake.

Nilimpa meza, nikampa na chai. Lakini sikupata usingizi. Nilikumbuka kila hatua ya Jumamosi ile, nikaona kwamba hakuna hata moja iliyokuwa kosa la ufundi. Kila kitu kilifanya kazi barabara kama tulivyokiagiza. Kosa lilikuwa katika kuagiza. Tulikuwa tumechukua swichi, kitu ambacho mtoto wa miaka mitano aliweza kukitumia, tukakitia katika mfuko wa mtu mmoja.

Watakuwapo watakaosema dawa ni kuzitupa taa hizi. Mgala muue na haki yake mpe. Baba aliyeshinda mitamboni kutwa nzima anastahili filamu yake, na taa inayoweza kufifia ni bora kuliko ile ya zamani iliyojua kuwaka na kuzima tu. Tena mwanga wa aina hiyo ungeweza kumfaa hata msomaji, maana mwanga mkali wenye usamawati mwingi saa za usiku huchelewesha usingizi. Kinachotakiwa ni mpango.

Jirani aliporudi kutoka msibani tulikaa tena, safari hii watu wanne: yeye, mkewe, binti yao na mimi. Yako mambo matatu tuliyoyafanya, nami nayaweka hapa kwa yeyote anayetaka kuweka sinema sebuleni mwake.

Kwanza, tulirudisha kishikio kimoja cha kawaida, chenye swichi yake ya ukutani, kisichojua simu wala intaneti. Ujanja wote ukigoma, hicho kitawaka.

Pili, tuliweka taa ya mezani yenye kofia, upande wa kushoto wa binti kwa kuwa huandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari. Meza tuliisogeza ubavuni mwa chumba. Taa ikiwa nyuma ya watazamaji hujitokeza kwenye kioo cha televisheni, na hapo ndipo baba huanza kufoka. Ikiwa ubavuni na imefunikwa, filamu na hesabu hukaa chumba kimoja bila kusukumana. Macho ya msomaji yanahitaji mwanga wa kutosha, na viwango vya madarasa hutaja luksi 300 hadi 500 juu ya dawati. Mtazamaji wa filamu hahitaji hata sehemu ya kumi ya huo. Kwa hiyo mwanga uelekezwe unapohitajika, usimwagwe chumba kizima.

Tatu, programu iliwekwa katika simu ya mama pia, na binti akaandika amri ya tatu kwa mkono wake mwenyewe. Aliiita "Kitabu".

Walimu wenzangu, tunapowapa wanafunzi kazi ya jioni huwa tunauliza kama wana vitabu. Tuwaulize pia wanasoma chini ya taa ya nani, na nani ana uwezo wa kuizima. Nanyi wanafunzi, mnapoona wazee wakikwaruzana na vifaa vipya nyumbani, msikae pembeni kimya kama alivyokaa binti yule. Someni maagizo pamoja nao, na muulize mapema swali ambalo sisi wawili tulilisahau: taa hii, mwenye simu asipokuwapo, ataiwasha nani?