Kimya Kingi cha Bududa

Tuliondoka Masese, gatini penye Ziwa Viktoria mjini Jinja, alfajiri na mapema. Tukapita Iganga na Mbale, tukapanda hadi Bududa, mji mdogo uliojituliza bondeni ubavuni mwa Mlima Elgon, ambao Wagisu wauita Masaba. Akina mama walikuwa wakianika kahawa. Mto Manafwa ulijiendea taratibu. Mgeni angedhani hapa pana amani tupu.

Lakini wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka ukakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na zahanati yake. Mamia walipotea. Mitambo haikuweza kupanda huko, hivyo askari wetu na raia walifukua matope kwa majembe na mikono. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo. Tarehe 11 Oktoba 2018 msiba ukarejea, safari hii Bukalasi.

Tulimwuliza mzee mmoja sababu ya kutohama. Hakujibu, alituonyesha makaburi ya wazazi wake, kisha mibuni yake iliyozaa.

Ndugu askari na polisi, udongo unaowaua watu hawa ndio unaowalisha. Tukitumwa kuwahamisha, heshima itangulie amri. Na tufike kabla ya mvua, tukiwa na subira ya kuwasikiliza, tusije tukafika baada yake, tukiwa na majembe.