Mtambo wa FM mezani kwa mwanafunzi

Tangu Sauti ya Unguja ilipovuma kutoka Raha Leo katika miaka ya 1950, utangazaji Visiwani umekuwa kazi ya heshima. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kuunda mtambo wa FM wa wati 1 kwa lehemu na transista chache. Mzazi, usimkataze, muulize. Je, chuo chake kina kibali cha Tume ya Utangazaji Zanzibar? Na mawimbi yake yametulia? FM hukoma megahezi 108. Juu yake huanza masafa ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege wa Kisauni hauko mbali na Mji Mkongwe. Mtambo usiodhibitiwa kwa kristali huhama masafa joto likipanda, na joto la Unguja twalijua. Basi ajaribu kwanza bila antena, nguvu yote ikimezwa na kizuizi cha omu 50.