Hiari ya Mwenye Nyumba na Maji Moto ya Jua

Kenya imekatwa na ikweta na jua huiwakia mwaka mzima, ilhali nyumba nyingi jijini Nairobi hupasha maji ya kuogea kwa umeme. Hali hii aghalabu hufasiriwa kuwa uzembe wa wenye nyumba. Fasiri hiyo ni nyepesi mno.

Hesabu yenyewe ni bayana. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huhitaji takriban uniti 4.7 za umeme. Kwa mwezi, uniti 140 hivi. Jua likifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, akiba ni ya kweli. Hata hivyo, akiba huja kwa matone, ilhali gharama ya tangi na mabomba hudaiwa kwa mkupuo, tena wakati mjenzi bado anadaiwa saruji na mabati. Anayechagua hita ndogo ya umeme ya bafuni hajashindwa kupiga hesabu. Amehesabu fedha zilizo mkononi.

Kiini cha tatizo kimo katika nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba ndiye anunuaye mtambo, mpangaji ndiye alipaye umeme. Kwa hivyo akiba humwendea asiyegharamika. Mpangaji naye hana sababu ya kuwekeza juu ya paa lisilo lake, ambalo huenda akalihama mwakani. Kodi ikipandishwa ili kufidia gharama, akiba yake huyeyuka.

Serikali ilijaribu shuruti. Kanuni za mwaka 2012, zilizotungwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2006, ziliagiza majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo ya mwaka kutokana na jua. Majengo yaliyokuwapo tayari yalipewa miaka mitano. Lakini hiari yashinda utumwa: mtambo uliofungwa ili kumridhisha mkaguzi hautunzwi kama ule ulionunuliwa kwa kupenda, nao huhitaji utunzaji. Maji ya visima yenye chumvi nyingi huacha magamba mabombani. Maji ya mfereji yanapokuja kwa zamu, tangi huweza kubaki tupu jua likiwaka. Na mwezi Julai, baridi inapozidi Nairobi, mawingu hutanda kutwa, na umeme huwashwa tena. Muuzaji anayelificha hilo humpata mnunuzi mmoja, akawapoteza majirani zake wote.