Shokapu ya Stelingi: Kubadilisha Kifaa Bila Kukagua Mengine ni Kuficha Ubovu

Magari ya aina ya Land Cruiser na Land Rover yanayoonekana kila siku katika Kata ya Nyasho, Manispaa ya Musoma, hufanya kazi ambazo magari madogo hayaziwezi. Hubeba wagonjwa wa rufaa, watumishi wanaokwenda kusimamia miradi ya maji na barabara, bidhaa za wafanyabiashara, pamoja na watalii wanaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mengi huanza safari kwenye lami ya mjini na kuimalizia kwenye barabara za changarawe na udongo katika vijiji vya Bunda, Butiama na Serengeti.

Barabara hizo huchosha mfumo wa usukani. Miongoni mwa vifaa vinavyoharibika mapema ni kifyonza mtikisiko cha usukani, ambacho mafundi wengi hukiita shokapu ya stelingi. Kifaa hicho hakina gharama kubwa kikilinganishwa na vipuri vingine, na ubadilishaji wake hauchukui muda mrefu. Hata hivyo, kikibadilishwa bila kuchunguzwa sababu ya kuharibika kwake, gari hurejea barabarani likionekana zima ilhali hatari bado ipo.

Kazi ya kifaa hicho

Shokapu ya stelingi hufanana na shokapu za kawaida, ila hulazwa chini ya gari badala ya kusimamishwa. Mwisho wake mmoja hufungwa kwenye fimbo inayogeuza magurudumu ya mbele, ambayo mafundi huiita tairodi, na mwisho wa pili hufungwa kwenye ekseli au chesisi, kutegemea aina ya gari. Ndani yake mna pistoni inayopita katika oili. Gurudumu linapogonga jiwe au kuingia shimoni, oili hulazimika kupenya katika matundu madogo, na hivyo nguvu ya pigo hupungua kabla ya kufika mikononi mwa dereva.

Kifaa hiki ni muhimu zaidi kwa magari yenye ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu ya mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Katika magari hayo, pigo katika gurudumu moja huhamia kwa urahisi kwenye gurudumu la pili, na mtikisiko mdogo unaweza kukua hadi usukani ukatetemeka kwa nguvu.

Dalili za uharibifu

Dalili ya kwanza ni kuvuja. Utando mwembamba wa oili uliochanganyika na vumbi unaweza kuwa wa kawaida, lakini oili inayochuruzika huonyesha kuwa sili imekwisha. Dalili nyingine ni fimbo ya shokapu iliyopinda, ganda lililobonyea kwa kugongwa na jiwe, bushi zilizopasuka, na usukani unaorusha mikono ya dereva kila gari linapopita kwenye shimo.

Fimbo iliyopinda inahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu inaweza kuzuia usukani kugeuka. Gari lenye hali hiyo halipaswi kuendeshwa. Lililo salama zaidi ni kuifungua shokapu hiyo na kulipeleka gari gereji kwa mwendo mdogo, kwa kuwa usukani hufanya kazi hata bila shokapu, ingawa hutikisika zaidi.

Kagua kabla ya kufungua

Shokapu hutuliza mtikisiko lakini haiondoi chanzo chake. Usukani unaotetemeka katika mwendo fulani mara nyingi husababishwa na tairodi zilizolegea, beringi za magurudumu au za kingpini zilizochakaa, bushi zilizokwisha, tairi zisizo na uwiano au zenye upepo usio sahihi, au sanduku la stelingi lenye uchezaji. Shokapu mpya inaweza kuuficha ubovu huo kwa muda tu, nayo ikaharibika mapema kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

Ukaguzi wa awali ni rahisi. Mtu mmoja hutikisa usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, na fundi huangalia chini ni kiungo gani kinachocheza. Kisha gurudumu huinuliwa kwa jeki, gari huegemezwa juu ya stendi imara, na gurudumu hutikiswa kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kinachocheza kitengenezwe kwanza.

Hatua za kubadilisha

Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa, magurudumu ya nyuma huwekewa vigingi na ya mbele hunyooshwa. Fundi huondoa pini ya usalama, hulegeza nati, na hutumia puli kukitoa kiungo chenye umbo la pia. Kugonga kwa nyundo kwenye nyuzi za bolti huharibu fimbo ambayo bado ni nzima.

Shokapu ya zamani na mpya hulinganishwa zikiwa zimevutwa hadi mwisho na zikiwa zimebanwa. Urefu na aina ya viungo lazima vilingane. Shokapu mpya ya oili huvutwa na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke, na ukinzani wake unapaswa kuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Bushi na washa hupangwa kwa mpangilio wa awali, nati hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na pini ya usalama huwekwa mpya.

Hatua inayofuata haipaswi kurukwa. Usukani hugeuzwa hadi mwisho wa kushoto na wa kulia, fundi akiangalia kuwa shokapu haifiki kikomo chake kabla ya usukani kufika kikomo, wala haigusi mipira ya breki. Shokapu fupi kupita kiasi inaweza kulizuia gari kukata kona. Baada ya hapo gari hujaribiwa kwa mwendo mdogo, na nati hukaguliwa tena baada ya safari za siku chache.

Wajibu wa mmiliki na dereva

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha usalama, na usukani ni miongoni mwa mifumo ya msingi. Kwa magari ya Serikali, matengenezo husimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005. Wamiliki binafsi wanashauriwa kutumia mafundi wenye ujuzi uliothibitishwa, kudai risiti ya kielektroniki wanaponunua vipuri, na kuomba kuonyeshwa kifaa kilichotolewa. Risiti ni ushahidi endapo kipuri kitabainika kuwa bandia, na udhibiti wa bidhaa bandia ni jukumu la Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Dereva anayekumbwa na mtetemeko mkali akiwa safarini anapaswa kuushika usukani kwa mikono miwili bila kupambana nao, kuachia mafuta, kupunguza mwendo taratibu bila kufunga breki ghafla, na kusimama kando ya barabara. Mtetemeko ukikoma baada ya mwendo kupungua, hiyo si ishara kwamba gari limepona. Kabla ya kubeba tena mgonjwa au abiria, gari hilo linapaswa kukaguliwa na fundi.