Chakula bora chavuka mpaka, mchuuzi abaki na chapati

MBALE. Jua likiwa bado halijatokeza juu ya Mlima Elgon, wachuuzi wa Namakwekwe huwa wamekwisha kufunga magunia. Ndani yake mna maharage, wimbi, karanga, ndizi za kupika na vifurushi vya malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Mizigo mingine huelekea Malaba na Busia, mingine Lwakhakha, na baadhi hupanda mpaka Suam ili kuingia upande wa Kitale.

Karibu kila kilichomo katika magunia hayo ni chakula ambacho daktari angefurahi kukiona mezani kwa mgonjwa wake. Lakini anayekibeba huondoka nyumbani na kikombe cha chai chenye sukari vijiko vinne. Saa nne hununua rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, akaila huku anahesabu pesa. Mchana ni soda, maana foleni ya forodha haimngoji mtu. Mlo wenyewe hufika saa tatu usiku: mlima wa posho, mchuzi uliokolea chumvi, kisha kitanda. Mganga hajigangi, na muuza maharage naye hali maharage.

Gharama ya mtindo huu haionekani kwenye daftari la mauzo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Shinikizo haliumi. Hukaa kimya miaka mingi, kisha huja kwa kiharusi au kwa figo zilizochoka. Mwajiriwa wa ofisi akipatwa na kiharusi huandikiwa likizo. Mchuuzi akipatwa nacho, mtaji huishia hospitalini, na mwenye gunia la wiki iliyopita bado anadai fedha zake.

Uganda ina historia yake katika elimu hii. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Mulago, Kampala, kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililokuwa geni kiasi cha mgonjwa mmoja tu kuandikiwa makala katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Leo ugonjwa huo hauandikiwi makala tena, wodi zinaujua. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946, naye aligundua kwamba hapa maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa machache mno. Wote wawili walielekeza kidole kwenye nyuzinyuzi za chakula: maganda ya nafaka, kunde, ndizi na majani ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiyaondoa.

Wapo waliowapinga, wakisema watu wa zama hizo walikuwa vijana zaidi na wagonjwa wengi hawakufika hospitali. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwaka 2019 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupungukiwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na wanaokula chache sana. Kiasi kilichotajwa ni gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa hutoa karibu nusu ya hizo.

Kwa hiyo dawa imo ndani ya gunia, na imeshalipiwa. Maharage yaliyochemshwa usiku, yakawekwa asubuhi katika bakuli lenye mfuniko pamoja na kipande cha muhogo au ndizi, hufika Malaba yakiwa mazima, mradi yaliwe kabla ya joto la mchana kuyachachusha. Uji wa wimbi usiokobolewa hushinda chai tupu, na wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingi zinazouzwa mpakani. Dagaa wanaotua Masese, Jinja, huliwa na mifupa yao, nayo ni kalisi tena. Malewa yaliyoungwa kwa karanga ni chakula cha heshima cha Wagisu. Hayahitaji kusifiwa kama dawa. Wauza unga wa "kurefusha maisha" ndani ya mabasi wangefaa kuachwa waendelee na safari yao.

Soda ni kesi nyingine. Chupa ya nusu lita mara nyingi hubeba sukari karibu gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi kiasi hicho kwa siku nzima, ikiwezekana abaki kwenye nusu yake. Chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mchuzi wa hoteli.

Namna ya kula nayo ina uzito wake. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Anayemaliza sahani kwa dakika tano, simu ikiwa sikioni, hupita mpaka wa shibe bila kuuona. Wazee wa Okinawa, Japani, wanaosifika kwa maisha marefu, wana desturi ya kuacha kula shibe ikifika sehemu nane kati ya kumi. Waislamu wa Mbale hawana haja ya kwenda mbali hivyo, kwani mafundisho ya Mtume ya kugawa tumbo theluthi tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi, wameyasikia tangu utotoni. Kuketi, kuweka simu mfukoni na kutafuna vizuri hakudai ushuru. Kwa mchuuzi mwenye kisukari anayetumia dawa, kuruka mlo kwa ajili ya foleni ni hatari ya siku hiyo hiyo: sukari inaweza kushuka akazimia juu ya mzigo wake.

Limebaki jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani wanalikumbuka kwa uchungu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwemo cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi waliliona jambo hilo kama vita vya biashara. Lakini sumukuvu huleta saratani ya ini, na ikizidi huua haraka. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa.

Tangu hapo wachuuzi wamejifunza kuchambua mzigo wa kuuza. Kishawishi kiko nyumbani, pale punje za karanga zilizosinyaa na kugeuka rangi, zisizokubaliwa mpakani, zinapoonekana ni hasara kuzitupa, zikasagwa na kuungia mboga ya watoto. Zisisagwe, wala kuku wasilishwe. Karanga za kula zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, zihifadhiwe palipo pakavu, na zichambuliwe kwa jicho lile lile linalochambua za Busia.

Na siku mzigo unapochelewa forodhani, dakika kumi zinatosha kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu.