Dhiraa, Mita na Upepo wa Kenneth

Mashua ya mita 6 na jahazi la mita 24 vikitweka tanga Palma, kaskazini mwa Msumbiji, asubuhi moja, kaskazi ikavuma ya kutosha, jahazi litatangulia kufika Mocímboa da Praia. Muulize nahodha sababu, atakwambia jahazi ni refu. Amejibu sawa, ila urefu ukiwa mara nne, mwendo hauwi mara nne. Unakuwa mara mbili tu, au karibu na hapo. Haya yanajulikana bila mtu kulowa miguu, kwa kutazama vipimo peke yake.

Chombo kikipasua maji huinua wimbi, na wimbi hilo ndilo linalokizuia. Kinachorudisha wimbi chini ni mvutano wa dunia. Kwa hiyo tuna vitu viwili: urefu wa chombo, unaopimwa kwa mita, na mchapuko wa mvutano, unaopimwa kwa mita kwa sekunde mraba. Tunachotafuta ni mwendo, yaani mita kwa sekunde. Zidisha hivyo viwili, kisha tafuta kipeuo cha pili: mita kwa sekunde hiyo hapo. Hakuna namna nyingine ya kuvioanisha. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili, ndiyo maana jahazi halizidi mara mbili. Fundi anayepima mbao kwa dhiraa atapata uwiano uleule, kwa kuwa mita ni uamuzi wa Wafaransa wa miaka ya 1790, na bahari haikushirikishwa.

Mtu atauliza: na uzito wa shehena je? Kilo peke yake haina pa kuingia, kwani upande wa pili hakuna kilo ya kuifuta. Inaingia tu ikilinganishwa na uzito wa maji, yaani chombo kimezama kiasi gani, na hiyo ni namba tupu isiyo na kipimo.

Namba tupu ndizo udhaifu wa njia hii. Kipeuo chetu kinaipa mashua ya mita 6 kilomita 28 kwa saa, na hakuna mvuvi wa Palma atakayekuamini. Ukweli uko karibu na 11, yaani zidisha kwa 0.4. Hiyo 0.4 vipimo havikupi. Lazima uende majini ukapime.

William Froude, Mwingereza, alilielewa hilo. Katika miaka ya 1870 alijenga birika refu huko Torquay, akawa anavuta humo meli ndogo za mfano badala ya kusubiri meli kubwa izame ndipo ajifunze. Chukua mtambo wa gesi wa Coral Sul, unaoelea nje ya pwani hii kwenye kina cha mita 2,000 hivi na uliopakia shehena ya kwanza Novemba 2022. Una urefu wa mita 432. Ukiutengenezea mfano mdogo mara 100, unapata kitu cha mita 4.32, kifupi kuliko mashua yetu. Wimbi linalopita baharini kila sekunde 12 birikani lipite kila sekunde 1.2, kwa sababu kipeuo cha 100 ni 10. Kani utakayoipima, izidishe kwa milioni moja. Ila mnato wa maji haupungui pamoja na mfano, hivyo msuguano hukataa kufuata hesabu hiyo. Froude aliutenga akaupima kwa mbao bapa. Mwenye kuuza mfano bila kutaja hilo anauza nusu ya kazi.

Nchi kavu hesabu hii ina faida iliyo karibu zaidi na watu. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani Kenneth ilipiga kaskazini mwa mji wa Pemba, Msumbiji, kwa upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa. Msukumo juu ya ukuta unategemea uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo, eneo la ukuta na mwendo wa upepo. Ili kilo, mita na sekunde zioane, mwendo lazima uwe mraba. Basi upepo wa 220 haukusukumi mara mbili ya ule wa 110. Unakusukuma mara nne. Vipimo pekee vinatoa niutoni 4,500 kwa kila mita ya mraba. Namba tupu iliyopimwa kwa ukuta bapa iko karibu na nusu, na hata hivyo kilichobaki ni kama magunia manne ya kilo 50 na ushee yameegemea kila mita. Hapo hatujagusa mabati, ambayo upepo huyafyonza kwenda juu, wakati misumari mingi hupigwa kana kwamba paa linaogopa kuanguka tu.

Fundi anayejua mraba huo hataridhika na kuongeza msumari mmoja kwa kila mmoja aliokuwa nao. Msimu wa tufani huanza Novemba.