Mtu Aitwe Nani? (Sehemu ya Pili): Cheti, Saf na Jina

Juma lililopita nilieleza tofauti ya watu wa aina mbili ambao magazeti yetu huwachanganya. Kuna huntha, aliyezaliwa na maumbile ambayo hata mkunga mzoefu husita kusema ni ya kiume au ya kike. Kuna na yule aliyezaliwa na mwili usio na utata, lakini akakua akijijua kuwa wa jinsia nyingine. Wasomaji wamenijia juu. Wengi waliuliza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali: wa kwanza tumemwelewa, Mungu ndiye muumba, lakini huyu wa pili, kwa nini nilazimike kumwita anavyotaka yeye? Swali ni la haki na leo nitalijibu, ila kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu naona kwetu ugomvi wenyewe hauko pale unapotafutwa.

Waingereza na Wamarekani wanagombana juu ya viwakilishi. Lugha yao haiwaachii kwa urahisi kusema kwamba mtu amefika bila kutaja kama ni mwanamume au mwanamke, na hapo kila sentensi inakuwa kura. Sisi tunasema "amefika", basi. Muuguzi aliyetoka Moshi au Kisumu akaajiriwa katika hospitali ya Uingereza, ambako baadhi ya wenzake hubandika viwakilishi vyao kwenye beji, atalazimika kujifunza adabu hiyo kama anavyojifunza kuvaa makoti mawili. (Wengi wetu tuliojifunza Kiingereza ukubwani humpa mwanamume kiwakilishi cha mwanamke bila nia mbaya, kwa hiyo hatuna haki ya kujidai mabingwa.) Anayetaka kumkana mtu jinsia yake kwa Kiswahili inambidi atumie jina la zamani, au majina ya undugu: kaka, dada, mjomba, shangazi. Hayo nitayarudia. Kwanza twende kwenye karatasi, maana karatasi ndiyo inayouma zaidi.

Mwaka 2001 mwanafunzi mmoja wa Shule ya Upili ya Kiambu alifanya mtihani wa kumaliza shule ya upili, KCSE, akapata A-, alama ambayo wazazi wengi wa Kenya wangeuza ng'ombe ili mtoto wao aipate. Cheti kilitoka kwa jina la Andrew, na mbele yake imeandikwa kuwa ni mwanamume. Miaka ikapita, mwenye cheti akawa Audrey Mbugua, mwanamke kwa jina, kwa mavazi na kwa namna anavyojulikana na umma wa Kenya, ambako ni mtetezi anayezungumza waziwazi juu ya mambo haya. Cheti hakikubadilika.

Msomaji, jiweke mbele ya meza ya mwajiri. Umeketi kama Audrey, umevaa kama Audrey, halafu unatoa bahasha ya kaki yenye cheti cha Andrew. Karani ana mawazo mawili tu. Ama umeiba cheti cha kaka yako, na katika nchi ambako vyeti bandia vinauzwa vichochoroni si wazo la kipuuzi. Ama una maelezo. Na maelezo hayo ni historia ya mwili wako tangu utotoni, uisimulie kwa mtu usiyemjua, ofisini, mlango ukiwa wazi, ili upate kazi ambayo alama zako zilikwisha kukustahilisha. Kesho ofisi nyingine, simulizi ile ile. Huwezi kufungua akaunti wala kuomba nafasi ya masomo bila kwanza kuvuliwa nguo kwa maneno. Wanaosema kwamba jina ni jambo dogo hawajawahi kukaa kwenye kiti hicho.

Mwaka 2010 aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina. Baraza likakataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba cheti hubeba taarifa ambazo mtahiniwa alijisajili nazo, na kwamba kanuni haziruhusu kugeuza mambo ya aina hii. Shauri likafika Mahakama Kuu Nairobi, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akatoa hukumu ambayo ningependa isomwe katika kila chuo cha sheria kutoka Mombasa hadi Dodoma. Aliamuru cheti cha zamani kirudishwe, kitolewe kipya chenye jina la Audrey, na alama ya jinsia iondolewe kabisa.

Kuondolewa huko kwa alama ya jinsia ndiko kunakonivutia. Wengi walidhani jaji ametamka kwamba Audrey ni mwanamke. Hakutamka. Aliuliza cheti ni cha kazi gani. Mtihani wa hesabu hausahihishwi kwa kuangalia kama mwandishi wake ni mvulana au msichana, na kanuni za Baraza hazikuwa zimelazimisha alama hiyo iwepo. Ikiondolewa, thamani ya cheti haipungui hata chembe. Kisha akakirejea Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana utu wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Kudhalilishwa, alisema kwa maneno yake, ni njia mojawapo ya kuuvunja. Kwa hiyo swali kubwa, lile la kiini cha mwanamume na mwanamke, lilibaki pale lilipokuwa, na mtu akaweza kuomba kazi.

Hapo ndipo ninaposimama. Mengi ya mabishano yetu yanaanzia kwenye swali la juu kabisa, tukidai lijibiwe kwanza ndipo tumwitikie salamu jirani. Jaji alianzia chini, kwenye haja. Ofisi inahitaji kujua nini? Kama haihitaji, isiulize.

Si kwamba mahakama za Kenya zimekuwa na moyo mmoja. Mwaka 2010 majaji walisikiliza kesi ya R.M., huntha aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu na kuwekwa gereza la wanaume la Kamiti. Walimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa jinsi alivyovuliwa na kupekuliwa kikatili, lakini wakakataa katakata kutambua jinsia ya tatu. Desemba 2014 ikaja hukumu ya kesi ya mtoto aliyetajwa kwa herufi A tu, aliyezaliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Pale palipotakiwa kuandikwa jinsia yake, mtu wa hospitali aliandika alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza juu ya binadamu! Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze itafanya nini kuhusu watoto wa namna hiyo. Sensa ya 2019 ikawahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakawa 1,524 kati ya watu milioni 47 na zaidi, idadi ambayo naamini ni ndogo kuliko ukweli, maana nani atamwambia karani wa sensa mbele ya majirani? Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja kwa jina. Uganda nayo, katika sheria yake ya usajili wa watu ya 2015, inaruhusu kumbukumbu za mtoto huntha kurekebishwa baada ya upasuaji uliothibitishwa na daktari. Kwa kundi la kwanza, basi, mlango umefunguka kiasi. Kundi la pili limebaki kibarazani.

Sasa wale walioniandikia kwa dini. Nitazungumza na Waislamu wenzangu wa pwani, kwa kuwa kitabu chetu nakifahamu zaidi. Anayesema dini haijawahi kukutana na jambo hili hajafungua Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambayo vizazi vya wanafunzi wa Lamu na Unguja vimeisoma magotini pa masheikh wao. Wanazuoni wa madhehebu ya Kishafi walimjadili huntha kwa kina: asimame saf ipi katika sala (nyuma ya wanaume, mbele ya wanawake), nani amwoshe akifa, arithi nini. Katika mirathi hapewi fungu la kukisia. Hupewa lile ambalo hakuna shaka kwamba ni lake, na linalobaki husubiri hadi hali yake ibainike au warithi wapatane. Na pale ambapo alama zote za mwili zimenyamaza, huulizwa mwenyewe moyo wake unaelekea wapi, kwa wanaume au kwa wanawake, na jibu lake hukubaliwa. Akishasema, hana ruhusa ya kulitengua.

Sitaki kulivuta hilo kuliko linavyofika. Kauli ya mtu inapokelewa pale tu mwili ulipokosa jibu, na wengi wa wanazuoni wa leo hawaipeleki kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa wazi. Wapo waliokwenda mbali zaidi: Ayatollah Khomeini wa Iran aliruhusu upasuaji wa kubadili jinsia katika miaka ya 1980, na fatwa ya Sheikh Tantawi wa Misri ya mwaka 1988 juu ya jambo hilo bado inasomwa kwa namna mbili na pande mbili. Ninachochukua kwa mafakihi ni mwendo wao. Hawakumwacha mtu nje ya msikiti mpaka maumbile yake yaeleweke. Walimpa saf kwanza.

Na familia? Hapa nawaelewa wanaokataa, tena nawaelewa kuliko wanavyodhani. Undugu kwetu ni kazi. Baba akifa, kaka anaweza kuwa walii wa ndoa ya dada yake. Dada hawezi kumwoza mtu. Shangazi ana nafasi yake kwa bi harusi ambayo mjomba hatakiwi hata kuichungulia. Mtoto wa kiume anarithi mafungu mawili, wa kike moja. Kwa hiyo mama anapoambiwa kwamba mwanawe sasa ni binti, anachosikia ni daftari zima la ukoo likipanguliwa: nani ataoza, nani atarithi, nani atalala chumba gani siku ya matanga. Mwingereza anayedhani huu ni ukaidi tu hajui uzito anaouomba.

Lakini kumwita mtu ni jambo moja na kumgawia ni jambo lingine. Kadhi hagawi mali kwa jina unaloitiwa barazani. Ukimwita Audrey "dada" hujamnyang'anya mtu fungu lake, hujageuza hukumu ya sheria, wala hujatoa ushahidi juu ya alichokiumba Mungu. Umemwita tu. Na kuwaita watu kwa majina waliyojichagulia tumekuwa tukifanya siku zote. Yule mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 wazazi wake walimpa jina Mtumwa, kwa sababu ndiyo hali waliyokuwa nayo. Alipofika mjini Unguja na kupaa, jina likawa Siti, na Shaaban Robert alipoandika maisha yake aliyaita wasifu wa Siti binti Saad. Cha kuzingatia ni kwamba wapo waliochukia. Katika Unguja ya baada ya 1897, utumwa ulipofutwa kisheria, waliokuwa mabwana waliwaona watu wa jana wakijipa majina mapya, wakivaa buibui, wakiketi mahali wasipoketi zamani, wakasema hao wanajifanya wasivyo. Leo nani angethubutu kumwita bibi yule Mtumwa, kwa hoja kwamba ndilo jina lililo kweli?

Msomaji mmoja aliuliza kama nataka watu wafungwe kwa kukosea jina. Sitaki. Ulimi wa jirani uachwe kwa jirani na malezi yake. Sheria ikianza kuvizia barazani, hata mwenye nia njema atanyamaza na mwenye nia mbaya atajiita shahidi. Sheria imbane mwenye ofisi: karani, mwalimu, askari, daktari, yule ambaye mtu hana budi kupita kwake. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamuru mwanamke aliyebadili jinsia alipwe shilingi milioni moja kwa udhalilishaji aliofanyiwa akiwa mikononi mwa serikali. Kilichoadhibiwa hapo hakikuwa kiwakilishi. Mwanamke huyo alipekuliwa mwili na watu wenye mamlaka juu yake.

Na zipo sehemu ambako kumwita mtu anavyojiita hakumalizi shauri, kwa kuwa wapo wengine ambao haki zao zinaguswa: gereza, chumba cha kubadilishia nguo, kiwanja cha riadha. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitamka Aprili 2025 kwamba neno "mwanamke" katika sheria yao ya usawa ya 2010 linafuata mwili wa kuzaliwa, huku ikikumbusha kwamba sheria hiyo hiyo inakataza kuwabagua waliobadili jinsia. Pande zote mbili za mtaa zilisoma nusu ya hukumu.

Katika hizo, riadha ndiyo inayotuhusu sisi zaidi ya wote. Rio de Janeiro, 2016, mbio za mita 800 za wanawake: dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili jinsia, wote walilelewa wasichana, na miaka mitatu baadaye wote watatu walizuiwa kukimbia umbali huo mpaka wapunguze homoni zao kwa dawa. Juma lijalo tutamfuata Semenya hadi mahakamani Strasbourg.